Upande wa Kulia wa Mzee Gurdev

Siku Mzee Gurdev alipomkanyaga Ayanle kidole, Hamdi hakumlaumu. Mtoto alikuwa anatambaa kwenye zulia, mzee ndiyo kwanza ameinuka kitini, akapiga hatua moja tu, na kilio kikapasua nyumba. Mzee aliruka nyuma, kilemba kikakaa upande. "Pole, babu, pole mtoto wangu," akawa anasema, huku macho yake yakimtafuta mtoto mahali ambapo mtoto hakuwepo.

Hamdi alimwinua mwanawe, akakipuliza kile kidole. Kilikuwa kizima. Kilichomkaa moyoni ni yale macho.

Tangu hapo akaanza kumwangalia mzee, si kwa ubaya, bali kama mama anavyomwangalia mtoto anayejifanya hana homa. Akimwekea kikombe mkono wa kulia, mzee alipapasa meza kabla ya kukishika. Akimwekea kushoto, alikichukua mara moja. Ukimwita kutoka kulia aligeuza shingo nzima mpaka kidevu kikagusa bega. Na barabarani alipenda kutembea karibu na ukuta, ukuta uwe kulia kwake, ili asijiwe na mtu kutoka huko.

Walikuwa wamejuana kituo cha basi, hapo Perry Barr, mtaa wao wa Birmingham, majira ya baridi yaliyopita. Hamdi alikuwa akimkaripia Ayanle kwa Kiswahili kwa sababu ya kofia aliyoivua, na mzee wa Kisikh aliyesimama kando akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. "Wewe mama, hiyo Kiswahili ni ya Isiolo ama ya Garissa?" Ilikuwa ya Isiolo. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Yeye mtu wa Nakuru, alizaliwa nyuma ya gereji ya baba yake, akaja Birmingham kijana wa kuoa, akafanya kazi kiwanda cha magari mpaka kilipomchoka. Mkewe, Surjit, ndiye aliyekuwa akizungumza naye Kiswahili wakitaka watoto wasielewe. Surjit alipofariki, lugha ikakosa pa kwenda. Kwa hiyo akawa anakuja kwa Hamdi kunywa chai. Salat, mume wa Hamdi, aliyekuwa akiendesha teksi saa zote, hakuona neno. "Afadhali una mtu wa kuongea naye," alisema.

Sasa Hamdi akamwuliza waziwazi, huku akimimina chai.

"Mzee, jicho la kulia linaona?"

"Linaona mwanga."

"Mwanga na nini?"

"Mwanga na mwanga." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Mama Ayanle, usimwambie mtu. Daktari amesema halirudi. Wakijua, watanichukulia reki yangu."

Hiyo reki ndiyo ilikuwa maisha yake yaliyobaki. Mbio za pikipiki za spidiwei zilikuwa zimepotea Birmingham kwa miaka mingi, na ziliporudi, mzee alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kwenda kujitolea. Kila Jumatano jioni alisimama kwenye nyasi za katikati, kona ya kwanza, na reki yake ndefu. Mbio moja ikiisha, aliingia njiani na wenzake kusawazisha changarawe nyekundu iliyochimbwa na magurudumu. Nyingine ikikaribia kuanza, alirudi kwenye nyasi. Hakulipwa. Alipewa koti la rangi ya chungwa, na alilifua mwenyewe kwa mkono.

Kiangazi hicho cha mwaka 2008 Hamdi alikwenda kuangalia kwa mara ya kwanza, Ayanle kwenye kigari na vifuniko vikubwa masikioni kama rubani. Mzee alimweka na marafiki zake kwenye uzio, kona hiyohiyo ya kwanza. Alikuwepo Davinder, Msikh mwenzake wa Kisumu, na Maureen, bibi wa Kizungu ambaye koti lake lilijaa beji za timu mpaka lilikuwa likilia akitembea.

"Simama nyuma kidogo, dada," Davinder alimwambia. "Hapa unakula changarawe bure."

Pikipiki nne zilitoka pamoja, zikaja kwenye kona bila kupunguza mwendo, na Hamdi akashika kigari kwa mikono miwili. Waendeshaji walizilaza, wakaburuza mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma, magurudumu ya nyuma yakawa yanataka kutangulia ya mbele. Changarawe ikawamwagikia watu wa uzioni. Ilinuka mafuta matamu, kama pipi iliyoungua.

"Mbona hawafungi breki?"

"Breki gani? Hizi hazina breki," Davinder alisema kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyezinyima.

Kati ya mbio moja na nyingine wazee walizungumza habari za zamani.

"Siku zile," Davinder alisema, "watu walijaa hapa, ukirusha kofia haianguki chini."

"Kofia yako ipi, wewe wa kilemba?" Mzee Gurdev alimjibu kutoka njiani, reki mkononi, na hata Maureen, alipotafsiriwa utani huo, akacheka.

Lakini kicheko hakikukaa. Maureen alitazama ngazi tupu nyuma yao. Alisema vijana hawaji, na wanaokuja hutazama simu zao. Alisema anakumbuka kila mwendeshaji tangu alipokuwa msichana, nani alikuwa na mikono mirefu, nani alikuwa mwoga wa mvua. Halafu akataja jina moja kwa sauti ya chini, Clem Harkett.

"Nani huyo?" Hamdi akauliza.

Davinder alimweleza. Kwenye spidiwei, mtu akianguka, hakuna anayesema neno mpaka ainuke. Akiinuka anapigiwa makofi, hata kama ni wa timu ya wageni. Ndivyo desturi ilivyo. Harkett alianguka jioni moja, na watu wakangoja kupiga makofi.

"Halafu?"

"Mimi mpaka leo naona kama tunangoja," Davinder alisema.

Mzee Gurdev alikuja uzioni kunywa maji. Lalamiko lake lilikuwa la namna nyingine. "Zamani kila injini ilikuwa na sauti yake. Ningefumba macho nikakwambia nani yuko mbele na nani atakula vumbi. Sasa majirani wamelalamika, wamezitia sailensa. Spidiwei inakohoa ndani ya blanketi." Akarudi kazini. Hamdi alimtazama anavyosimama, kichwa amekiinamisha kidogo, sikio la kulia limetangulia, na ndipo alipoelewa. Pikipiki zilimjia mzee kutoka kulia. Siku zote kutoka kulia. Alikuwa hazioni. Alikuwa anazisikia.

"Ile kamba ya mkononi ni ya nini?" Hamdi alimwuliza Davinder. Alikuwa ameona kila mwendeshaji akijifunga kamba fupi iliyoungana na pikipiki.

"Akianguka, kamba inachomoka na injini inakufa papo hapo. Bila hiyo pikipiki ingerukaruka kama mbuzi mwenye kichaa, iue mtu."

"Na ikishazimika inakwenda wapi?"

"Inakokwenda yenyewe." Davinder alipeperusha mkono. "Inaserereka tu. Kimyakimya."

Hamdi alimtafuta mzee kwa macho kule kwenye nyasi.

Hakungoja sana. Mbio zilizofuata, waendeshaji wawili waligusana mwanzoni mwa kona. Mmoja akaanguka, akabingirika hadi kwenye uzio. Wengine watatu walipita na kelele zao, na Mzee Gurdev akageuza uso kuzifuata zile kelele, upande wa kushoto. Nyuma ya kelele ikaja pikipiki isiyo na mtu wala sauti. Ilikata kona, ikapanda nyasi, ikawa inamwendea.

"Mzee! Ruka nyuma! Nyuma!"

Kiwanja kizima hakikuelewa Kiswahili hicho isipokuwa watu wawili. Mzee aliruka. Pikipiki ilipita pale alipokuwa, ikaivunja reki katikati kama njiti.

Aliyeanguka aliinuka, makofi yakapigwa, na Davinder akaangua kicheko. "Mmeona Gurdev alivyocheza bhangra? Kwenye harusi hachezi hivyo!" Watu wakacheka. Mzee naye akainua kipande cha reki na kupiga saluti. Hamdi peke yake hakucheka. Ayanle, aliyeshtushwa na sauti ya mama yake, alikuwa analia bila kukoma.

Siku ya pili mzee alikuja na mkebe wa biskuti. Alikunywa chai, akamsifu mtoto, akasifu hali ya hewa. Mwisho akasema, kama mtu anayeomba chumvi:

"Jumatano ijayo utasimama palepale?"

Hamdi alikuwa akikunja nguo za mtoto. Mikono ikasimama.

"Kwa nini, Mzee?"

"Basi tu. Sauti yako naisikia vizuri. Mimi nitasikiliza injini, wewe utaangalia hizo zingine. Tutasaidiana."

Alifurahi kweli. Ndicho kilichomtisha Hamdi. Alikuwa amefikiri kupiga kelele kumemwokoa, kumbe kumempa ruhusa ya kuendelea. Akajiona amesimama kwenye uzio kila Jumatano, kigari ubavuni, macho hayathubutu kupepesa. Na siku Ayanle atakapoangusha chupa yake, naye ainame kuiokota?

"Mimi sisimami, Mzee."

"Eh?"

"Siwezi kuwa jicho lako. Siku nikiangalia pembeni itakuwa mimi ndiye niliyekuua. Mwambie Davinder ukweli, umpe reki, uje ukae na sisi upande wa watu."

Mzee alikitazama kikombe. "Upande wa watu," alisema polepole, "watu wanaongea habari za waliokufa tu. Kule kwenye nyasi bado niko na walio hai."

"Samahani, Mzee wangu."

Aliondoka bila kumaliza chai. Kwa mkono wa kulia alipapasa fremu ya mlango kabla ya kutoka.

Hamdi alimweleza Salat. "Mwambie wewe mwenyewe Davinder basi," Salat alisema akivaa viatu. Lakini Hamdi alikuwa ameombwa anyamaze na mtu wa umri wa babu yake, na kila aliposhika simu aliiweka tena. Atakuja, alijiambia. Atakuja kunywa chai na tutazungumza. Wiki ikapita, na mzee hakuja.

Jumatano hiyo Hamdi alifungua dirisha la jikoni, kisha akalifunga, kisha akalifungua tena. Kutoka kwake uwanja ulisikika vizuri. Injini zilipanda, zikazunguka, zikashuka. Kila ziliposhuka akapumua. Alimenya viazi na kumpa Ayanle kijiko cha kuchezea. Zikapanda tena. Zikaingia kona ya kwanza, alikuwa amejifunza kuijua kwa sauti yake.

Zikakatika zote.

Alingoja makofi. Hayakuja. Hata watu hawakusikika, kana kwamba mtu ameufunika uwanja kwa sufuria. Viazi vilibaki kwenye beseni. Alimtia mtoto kwenye kigari, akatoka na kandambili za ndani, akawa anakimbia, na gurudumu moja la kigari likipiga kelele njia nzima.

Mlinzi wa getini alimfungulia bila kumwuliza tiketi. Ndani watu walisimama kama waliopigwa picha. Kwenye kona ya kwanza ambulensi ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyasi. Pikipiki ilikuwa imelala mahali palepale, pale ambapo mzee husimama, na kando yake reki mpya, mpini umepinda. Watu wamepiga magoti kwenye changarawe, wamemzunguka mtu aliyelala. Katikati ya migongo yao Hamdi aliona kilemba.

"Mama Ayanle."

Sauti ilitoka kushoto kwake, kwenye uzio. Mzee Gurdev alikuwa amesimama upande wa watu, hana koti la chungwa, mikono yote miwili imeshika ule uzio. Kule kwenye changarawe mwenye kilemba aliinua uso. Alikuwa Davinder, amepiga magoti kando ya mwendeshaji aliyeanguka, na koti la chungwa lilikuwa linampwaya.

 Hamdi alimshika mzee mkono wa shati, akamtikisa kidogo, kama anavyomtikisa Ayanle akimwondoa karibu na jiko.

"Nilikutafuta," mzee alisema. "Kabla ya kuanza. Nilitazama pale unaposimama, sikukuona. Halafu nikajiuliza, hakuja, au yupo, mimi ndiye nisiyemwona? Nilishindwa kujua, Mama Ayanle. Nikamwita Davinder nikampa reki." Alionyesha nyasi kwa kidevu. "Yeye ameiona pikipiki ikija, akaruka. Mimi nilikuwa hapahapa, nimetega sikio kwa nguvu zangu zote. Sikuisikia."

Maureen alisimama pembeni yao, kiganja kimefunika beji zake zisilie.  Ayanle naye alikuwa kimya, anatazama taa ya buluu inavyozunguka.

Mzee aligeuza shingo yote kuelekea kwenye kona, akakaza jicho lake moja, kisha akainama karibu na sikio la Hamdi.

"Ameinuka?"

Hamdi alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, kwa ajili ya wote wawili.

"Bado, Mzee."