Ulipokea Nini, Ukatoa Nini

Programu ikigoma, mimi sibadilishi ovyo ovyo kama wenzangu. Nahoji. Kila fonksio, yaani kila kipande kinachopokea kitu na kurudisha kitu, naiongezea mstari wa kuifanya iseme: ulipokea nini, ukatoa nini. Nilifundishwa na baba, na baba hakuwahi kugusa kompyuta.

Wakati wa vita baba alikuwa muntu wa foni, ile redio ya kupelekea habari, hapa Mikelenge. Sauti ya Lokandu ilitufikia kwa shida, kwa hiyo mwenzake wa foni wa Kailo, katikati ya njia, alipokea, akatupitishia. Mama alikuwa amekwenda Lokandu kumuuguza dada yake, njia zikafungwa nyuma yake. Siku moja Kailo akatuambia mama ni mugonjwa, tumuombee. Tukaomba wiki tatu. Mimi nilifua kitenge chake cha kanisani, nikakikunja, akirudi akikute.

Habari nyingine haikuja. Baba akaanza kuhoji. Kailo alipokea ugonjwa, akatoa ugonjwa. Kosa halikuwa kwake. Asubuhi moja hewa ilipotulia, baba akamwita mzee wa foni wa Lokandu mwenyewe.

"Ulipokea nini?"

Mzee akajibu: "Nilipokea kifo, ndugu yangu. Nikatoa ugonjwa. Foni inasikilizwa na watu wote, ningekuambia namna gani?"

Kwetu njo hivyo, msiba hautupiwi muntu usoni. Lakini yule mzee nilimchukia miaka mingi, tena sana.

Juzi muuguzi mmoja wa hospitali alinipigia: kompyuta inasema seramu, yale maji ya dripu, iko, kabati ni tupu. Nikahoji fonksio, nikianzia katikati ili nipunguze kazi. Ya mwisho ilipokea "stoo haijibu", ikatoa "iko". Nani mjinga aliandika hii? Kuangalia, njo mimi. Sikutaka wauguzi washtuke kwa maandishi mekundu kila mtandao unapokatika.

Nikairekebisha palepale, maana mgonjwa hangoji huruma yangu. Kisha nikamlilia mama, mtu mzima mimi. Ninamkumbuka kila siku, lakini siku hiyo nilizitamani zile wiki tatu zenyewe. Kitenge kilikuwa kimekunjwa, na mama alikuwa mugonjwa tu.