Mashuka Ukutani kwa Bwana Lindauer

Watu wa Ruiru walikubaliana kwamba Bwana Emil Lindauer hakuwa mzima sana wa kichwa, na Katunge, aliyempikia na kumfulia, hakuona sababu ya kubishana nao. Mtu anakimbia kwao Ujerumani, ameruhusiwa sanduku moja tu, anaacha makoti anajaza picha. Huyo utamtetea vipi? Mkewe, Mama Hedi, hakumsamehe hilo. Kila Julai, baridi ilipoanza kuuma, alikaa jikoni na blanketi mabegani, akitazama picha ukutani, kisha akimtazama mumewe.

Bwana Lindauer alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa. Wazungu wa klabu walimhesabu kuwa Mzungu mwenzao siku ya kuhesabu vichwa, si siku ya kualikana chakula. Watu wake hasa walikuwa Wayahudi wachache waliotawanyika kati ya Ruiru na Thika: daktari wa meno, mwenye kiwanda cha ngozi, ndugu wawili wa shamba la mkonge, na Mzee Salomon, fundi saa wa Thika. Jumamosi walisali katika stoo ya nyuma ya duka la huyo mzee. Mzee Salomon alikuwa na mke na watoto kule Ulaya. Vita vilipoisha akaambiwa hawako.

Imani ya Bwana Lindauer ilikuwa moja: kila binadamu, hata mchuma kahawa, anastahili kusimama mbele ya picha nzuri kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kwa hiyo kila Jumapili alifungua mlango, Katunge akateleka sufuria kubwa, na wachuma kahawa wakaja. Walifuata chai. Macharia, mkata matawi, alisimama vikombe vitatu mbele ya picha ya meli, na Bwana Lindauer akatangazia kiwanda kizima kwamba Macharia ana jicho. Macharia alikuwa na kiu.

Katunge naye alikuwa na picha yake, ya mwanamke anayechambua maharagwe dirishani. Alimwona mvivu, maana tangu yeye aajiriwe sinia lile la maharagwe halijaisha. Lakini kila asubuhi, kioo cha kwanza kupanguswa kilikuwa cha mwanamke huyo.

Mama Hedi alipofariki, Mzee Salomon alifika kutoka Thika na hakusalimia mtu. Aliomba mashuka. Akafunika kioo cha kujitazamia, kisha picha zote, Katunge akimshikia pembe za nguo.

"Mtu akikufa, sisi nafunika," alimweleza. "Siku saba. Sasa wewe najua."

Katunge alikubali. Kwao Yatta pia matanga yana masharti yake. Wageni walipita mmoja mmoja mbele ya Bwana Lindauer, aliyekaa kwenye kigoda, wakamwambia maneno yale yale ya kumfariji kwa lugha yao ya sala, naye akainamisha kichwa kila mara.

Kisha Hali ya Hatari ikaifikia chai. Askari mmoja alichungulia dirishani Jumapili, akaona watu wamesimama kimya wakiutazama ukuta, kila mmoja na kikombe chake. Akapeleka habari kwamba watu wanakula kiapo cha waasi. Mikutano ya chai ikapigwa marufuku.

Bwana Lindauer hakukata tamaa. Hilo hakuwahi kulijifunza. Ukumbi mpya ulikuwa ukijengwa karibu na stesheni, na alimwandama Bwana D.O., afisa wa wilaya, mwaka mzima mpaka Mzungu huyo akachoka, akakubali kuja na mkewe na watu wa klabu waone picha. Zikiwapendeza, zingetundikwa ukumbini, na mtu yeyote angeruhusiwa kuingia kuzitazama. Katunge alisikia habari za ukumbi huo mpaka masikio yakamuuma. Ikapangwa Jumapili moja ya Agosti, mwaka wa hamsini na sita.

Siku hiyo Bwana alikwenda klabu kuwaongoza wageni. Hakuwa ametoka kitambo wakati Idarous, dereva wa lori la maziwa, alipopiga breki mlangoni. Alisema yule mzee wa saa kule Thika amekutwa amefariki kwenye kiti chake.

Katunge alikaa chini kidogo. Alimpenda mzee yule. Alijua leo ni siku gani, na alijua pia alichofundishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba sharti lile ni la nyumba ya wafiwa peke yao. Kwao, mzee akifa, ukoo mzima ungekaa matanga. Akafungua kabati la mashuka.

Bwana Lindauer aliingia mbele ya wageni, mkono umeshanyooka kuwaonyesha. Kuta zote zilikuwa nyeupe. Mke wa D.O. aliuliza kama huo ndio mtindo mpya wa Paris.

"Mama Muthoka," Bwana Lindauer akamwambia Katunge, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ni nani?"

"Ni Mzee Salomon, Bwana. Idarous ameniambia sasa hivi."

Bwana Lindauer alishika pembe ya shuka la kwanza. Katunge alimwona usoni, akajua amekosea.

"Hii ni ya ndugu tu," Bwana akamwambia polepole. "Mke. Mtoto."

"Na yeye ndugu zake ni kina nani, niwapelekee habari wafunike?"

Katunge aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Bwana Lindauer aliachia shuka. Aliwageukia wageni akawaambia kwamba nyumba hii ina msiba, na kwamba chai iko tayari. Wakanywa chai wakitazama mashuka. D.O. alimaliza kikombe, akashukuru, na ukumbi ukapewa klabu kwa mchezo wa badminton.

Katunge alilia jikoni. Bwana Lindauer alimfuata, akamwambia kwamba amefanya vizuri, na kwamba ukumbi umepotea. Alisema yote mawili.

Baada ya hapo Wayahudi wa Thika waliondoka, huyu London, yule Israeli, na stoo ya sala ikajaa magunia ya mahindi. Bwana Lindauer alibaki. Alisema kufunga sanduku ni kuchagua, na hawezi kuchagua mara ya pili.

Alifariki Julai ya mwaka wa hamsini na tisa, kwa kifua. Wayahudi waliotoka Nairobi kumzika hawakumfahamu. Mmoja wao, mwanamume mwenye miwani, aliingia nyumbani kutafuta wafiwa, akakuta mashuka ukutani, yamepigwa pasi. Akauliza ndugu wa marehemu wako wapi.

"Ndugu hakuna," Katunge akasema. "Niko mimi."

Mwanamume yule aliyatazama mashuka. Kisha akavua miwani, akasimama mbele yake, akamwambia maneno kwa lugha ya sala. Katunge hakuyaelewa, lakini aliyatambua. Ndiyo aliyoambiwa Bwana Lindauer, kwenye kigoda, alipofiwa na Mama Hedi. Akainamisha kichwa, kisha akaenda kuteleka chai.