Ndiyo ya Dodoma na Mazulia Yangu

Mimi ni mtu asiyeshangazwa na kitu. Niliingia Kariakoo nikiuza soksi nilizozitundika mkononi, darasa la nne sijalimaliza, na leo nina duka la mazulia la milango mitatu. Nimewahi kutapeliwa na mtu aliyekuja kunipa pole ya kutapeliwa. Kwa hiyo nilijiona nimeshaona yote. Bunge nilikuwa sijalijua.

Mwaka ule kontena langu la mazulia kutoka Misri lilikuwa limeshashuka bandarini na Ramadhani imeingia kumi la kati. Anayeuza mazulia anaelewa: watu wa mji huu hawapendi kupokea Idi juu ya zulia la mwaka jana. Wiki zile zikikupita, mzigo unaulalia mwenyewe.

Basi mchana mmoja niko dukani, televisheni inaonyesha Dodoma. Waziri anaomba Bunge liridhie mkataba wa nchi za Afrika kuuziana bidhaa kwa ushuru mdogo, nyingine bila ushuru kabisa. Nikaongeza sauti. Wabunge wakaambiwa wanaoafiki waseme ndiyo. Wakaitikia ndiyo mpaka spika ya televisheni ikakwaruza, na mimi nikaitikia nao. Wasioafiki? Kimya. Walioafiki wameshinda. Hapohapo nikampigia wakala wangu wa forodha, binti wa Upanga, msomi, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Sikia, ile hela ya ushuru usiilipe. Bunge limemaliza kazi."

"Bosi, Bunge limeridhia tu. Sheria bado."

"Bado nini? Nimewasikia kwa masikio yangu!"

"Wamekubali nchi iingie kwenye mkataba. Sasa mpaka sheria zetu za ndani zirekebishwe, viwango vipya vitangazwe, forodha waviingize kwenye mfumo. Leo hii ushuru ni uleule."

"Lini hiyo?"

"Hapo sina jibu, bosi. Labda mwezi, labda mwaka. Mimi nakushauri tulipe, tutoe mzigo."

Nikamwambia asilipe hata senti. Sasa jamani, nauliza. Hapa Kariakoo mtu akishatamka "chukua", bei imefungwa. Hakuna karatasi, hakuna mwanasheria. Akirudi nyuma, mtaa mzima unamzomea na kesho hakopeshwi hata kiberiti. Mimi nimenunua mizigo ya mamilioni kwa neno la mdomo, la mtu mmoja, tena amesimama na kikombe cha kahawa. Leo waheshimiwa ukumbi mzima, wamevaa suti, wametamka ndiyo mbele ya taifa, naambiwa bado?

Jirani yangu, mzee wa Kiarabu anayeuza mazulia kama mimi, mzigo wake ulikuja na meli hiyohiyo. Yeye alilipa, akatoa. Nikawa nakaa mlangoni kwangu natazama wateja wanavyotoka kwake na mazulia mabegani.

"Mheshimiwa!" ananiita kwa sauti, wapagazi wasikie. "Kikao kinaendelea?"

"Cheka tu, ami. Umelipa ushuru uliokwisha kufutwa."

"Nimelipa na nimeuza. Wewe hujalipa, unauza nini? Hotuba?"

Wapagazi wakashika mbavu. Toka siku hiyo mtaani nikawa Mheshimiwa, hata kwa muuza karanga.

Siku za bure bandarini zikaisha, tozo ya kuhifadhi kontena ikaanza kupanda kila kukicha. Nikaenda mwenyewe. Dirishani kwa forodha nikamsikilizisha ofisa ile sauti ya bungeni, nilikuwa nimeirekodi kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, sina ubaya naye.

"Mzee, hongera," akasema. "Na mimi nimefurahi. Ila hapa nasubiri malipo."

Foleni nzima ikacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mwambieni aweke mlio wa pesa, huo wa ndiyo haupiti!"

Nikampigia binti alipe. Hakuniambia "nilikwambia", na hilo likaniudhi zaidi. Hata hivyo kutoa kontena si kununua maandazi: ukaguzi, foleni ya malori, karatasi moja imekosa mhuri. Lilipofika dukani, watu walikuwa wameshaswali Idi, wameshakula pilau, wamekaa juu ya mazulia ya ami. Mzigo nikautoa kwa bei ya hasara, zulia moja moja, huku wateja wakinibembeleza nipunguze tena.

Ushuru siuhesabu, huo ningelipa kwa vyovyote. Tozo ya bandari, faini ya kuchelewa kurudisha kontena la watu wa meli na hasara ya kuuza mazulia ya Idi baada ya Idi, vyote pamoja vilinigharimu shilingi milioni kumi na tisa, laki nne na elfu themanini.