Siku Wifi Alipoamka na Njaa

Nianze na lile lililo gumu kwangu kulisema: mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema kwamba wifi yangu anadeka.

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi walimwita Mkono Mwepesi. Karatasi kubwa zilitoka mashineni zikiwa bado na joto, naye alizikunja mara tatu, akapitisha rula ya plastiki kwenye mkunjo, akazitupia kwenye bunda kabla jirani yake hajamaliza mkunjo wa pili. Ulimi wake nao ulikuwa mwepesi. Alipoolewa na kaka yangu, fundi wa majokofu ambaye maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole, tulicheka tukasema Mungu amegawa vizuri: mmoja kapewa mdomo, mwingine kapewa masikio.

Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama yetu. Mimi nilikaa mtaa wa pili na watoto wangu watatu, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Walikaa miaka minne bila mtoto. Mimba ilipoingia alinifuata mwenyewe kazini, akasimama mlangoni katikati ya mvuke, akaninyooshea kijiti cha kupimia.

"Wifi, hebu soma hapa. Mimi nimesoma mara saba, naona macho yananitania."

Mistari ilikuwa miwili. Tulikumbatiana hadi shuka nililokuwa napiga pasi likaungua.

Kutapika kulianza wiki ya sita. Asubuhi tu, kama wengi wetu. Baada ya siku tatu ikawa asubuhi na mchana, kisha ikawa haina saa. Alitapika chakula, kikiisha akatapika maji, maji yakiisha akatapika nyongo ya manjano, na nyongo ikiisha aliendelea kukakamaa juu ya beseni bila kutoa kitu, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba. Hata mate yake mwenyewe hakuweza kuyameza. Alikuwa na kopo la kutemea, akitembea nalo ndani ya nyumba kama mtu anayebeba kikombe chake cha chai.

Kiwandani kuna gundi ya moto ya kubandikia majalada. Miaka yote aliivuta harufu ile bila kuijali. Sasa ilimwangusha. Siku moja alitapika juu ya majalada yaliyokuwa tayari kupelekwa kwa mteja, na msimamizi, ambaye si mtu mbaya, akamwambia aende nyumbani apumzike mpaka hali itakapotulia. Wiki ya pili yake kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Zahanati walimwambia ni kawaida. Ale kidogo kidogo, anyonye tangawizi, aweke biskuti kavu karibu na kitanda. Akapewa vidonge vya vitamini, ambavyo vilitoka vizima kama vilivyoingia. Mama alisema, "Hii ni mimba, mwanangu, si malaria. Ukilala sana itakuzoea." Na mimi, niliyebeba mimba tatu, nikitapika asubuhi, nikisukutua na kwenda kazini, nilimwambia kaka maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Mkeo anadeka. Ukimbembeleza hivyo atajifungua akiwa bado kitandani."

Kaka aliacha kupaka sabuni yenye manukato. Aliacha kula nyumbani. Alikuwa akirudi kutoka kwenye majokofu yake anaoga kwanza nje, anavua viatu, ndipo anaingia kumwaga beseni. Niliona yote hayo nikasema moyoni, kaka yangu ametawaliwa.

Alasiri moja nilikwenda kumpa za uso. Nilishazipanga njiani: inuka, oga, tembea, jionee huruma mwisho. Nilimkuta amelala sakafuni bafuni, shavu limebandikwa kwenye saruji kwa sababu ya ubaridi wake. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilipoinama alifumba macho.

"Wifi, rudi nyuma kidogo," alisema, sauti kama ya karatasi ikichanika. "Unanuka chai."

Nilikuwa nimekunywa chai saa nne zilizopita.

"Umekojoa leo?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Jana. Nadhani jana."

Niliweka mikono chini ya mabega na magoti yake nikamwinua, na hapo ndipo maneno yangu yote yaliniishia. Mimi nanyanyua mashuka mabichi kila siku ya maisha yangu. Mzigo mmoja wa mashine ulikuwa mzito kuliko yeye.

Tulimpeleka hospitali kubwa. Wodini alitupokea mkunga mmoja wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi wa viatu. Alimpima uzito mara mbili, kwa kuwa ya kwanza hakuiamini. Kilo sitini na moja zilikuwa zimebaki arobaini na tisa. Akapima mkojo ule mchache, wa rangi ya kahawa, akatuonyesha kipande cha karatasi kilivyobadilika rangi.

"Mwili umekosa chakula, sasa unajila wenyewe," alisema huku akitafuta mshipa. "Huu ni ugonjwa. Una jina refu la vitabuni, sisi tunasema kutapika kupita kiasi. Haumpati kila mtu. Anayeupata hakuutafuta, na hawezi kuushinda kwa kujikaza."

Alipata mshipa mara ya nne. Akafunga dripu, akamchoma sindano ya kuzuia kutapika, kisha akatugeukia mimi na mama.

"Nani anamwangalia nyumbani?"

Mama alitazama dirishani. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Basi nisikilizeni," mkunga alisema, bila ukali. "Msikaange kitunguu nyumba aliyomo. Msimuulize kila saa amekula nini. Barafu ikimkubali, mpeni barafu. Mjue dawa yake saa ngapi, yeye asihangaike kukumbuka. Na akipitisha siku nzima maji hayakai tumboni, mleteni siku hiyo hiyo. Msisubiri azimie ndipo muamini."

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa wifi yangu. Nililala chumba cha pili. Niliacha chai, niliacha mafuta ya nywele. Mama alihamishia jiko lake kwa jirani. Kaka aliokota jokofu dogo bovu kazini kwake, akalitengeneza, likawa la barafu tu. Dawa zilisaidia wiki moja, kisha zikashindwa. Akalazwa tena. Akatoka. Akalazwa mara ya tatu, wiki ya kumi na sita, mikono yote imevimba na kuwa myeusi kwa sindano.

Mara hiyo ya tatu, wagonjwa wenzake wakiwa wamelala mchana, alinishika kidole.

"Wifi, nataka itoke."

Nilijua anasema nini. Miaka minne alikuwa akiiombea. Nikatamani nisisikie, na nilipoona jinsi anavyonitazama nikajua kwamba nikishtuka tu nitampoteza.

"Nimekusikia," nilisema.

"Simchukii. Ila siwezi tena. Nikifikiria kesho natamani isifike."

Nilimwita mkunga, na wifi akayarudia maneno yale yale. Mkunga alivuta kiti, akaketi karibu. Alimwambia wengi husema hivyo, hata waliomsubiri mtoto kwa miaka kumi, na hakuna atakayemfokea hapo. Alimuuliza kama anafikiria kujidhuru. Alimweleza dawa iliyobaki ambayo hawajaijaribu, akamwambia daktari atakuja kuzungumza naye, na kwamba uamuzi wowote hautafanywa nyuma ya mgongo wake. Daktari akaja. Walikubaliana waanze dawa ile, wampe siku kumi, kisha wazungumze upya.

Dawa ilimpunguzia kidogo, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya nane, Jumapili, niliamshwa na sauti yake.

"Wifi. Naona njaa."

Nilikimbia nikamkuta ameketi kitandani, kopo la mate liko chini, halijaguswa. Hakuwa na ile rangi ya majivu. Kaka alitoka mbio bila kufunga vifungo vya shati, akarudi na mkate. Wifi alikula kipande kimoja kikavu. Mimi na kaka tukasubiri, tunautazama mdomo wake kama watu wanaotazama maziwa jikoni. Hakikurudi. Akala cha pili. Akataka chungwa. Akala chungwa, maji yake yakimtiririka kidevuni, na akacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Mbona mnanitazama hivyo, mmelipa kiingilio?"

Mama aliingia, akaona maganda ya chungwa, akakaa chini pale pale mlangoni akalia kwa furaha. Siku hiyo wifi alioga amesimama. Alikaa nje juani. Alituambia mtoto huyu amemtesa, lakini sasa wamepatana. Kwa siku nne nyumba ile ilikuwa na raha ambayo sijaiona tena. Na mimi ndiye niliyempigia simu mkunga kumshukuru. Aliuliza njaa ilianza siku gani, kisha akasema nimlete Alhamisi apimwe.

Chumba cha kipimo kilikuwa na giza. Daktari alisogeza kile kifaa tumboni, akakisogeza tena, akakirudisha palepale. Halafu akakigeuza kioo upande wake ili sisi tusione. Wifi alikuwa anatazama dari. Naamini alishajua kabla daktari hajafungua mdomo.

Moyo wa mtoto ulikuwa umesimama. Kwa makadirio yao, siku nne au tano zilizopita.

Daktari alieleza vizuri, siwezi kumlaumu. Alisema wanawake wengi wenye ugonjwa huu huwapata watoto wao salama. Alisema hajui kwa nini huyu hakufika. Kwamba si dawa, si neno alilolisema, si mkate. Kichefuchefu kilikoma kwa sababu mimba ilikuwa imekwisha, haikuwa kinyume chake. Wifi aliitikia kwa kichwa kila neno kama mwanafunzi msikivu.

Walimwanzishia uchungu siku ile ile. Alikuwa mtoto wa kiume, anaenea katika viganja viwili vya mkunga, na kucha anazo. Wifi alimshika. Kaka alimshika. Mimi sikuweza.

Tulipokuwa tukimvisha nguo zake ili turudi nyumbani, alisema jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwenzangu alikuwa anakufa, mimi nafurahia chungwa."

Nikamwambia hakujua. Nikamwambia sisi sote tulifurahi. Hakuna nililosema lililofika.

Mwili wake ulirudi upesi, na hilo nalo lilimuumiza. Mashavu yalijaa, watu njiani wakamsifia kwamba amenawiri. Kiwandani walimpokea, wakampa kazi ya kufunga maboksi kwa kuwa kiti chake kilikuwa na mwenyewe. Hakuna anayemwita Mkono Mwepesi siku hizi. Mama hakuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Huja kukaa naye jioni, wanachambua mchele wote wawili kimya, na mchele wenyewe hauna hata jiwe. Mimi nilimwomba radhi. Alisema, "Yameisha, wifi," kwa upole ambao ningeona nafuu kama angenitukana.

Baada ya miezi saba mkunga alimpigia. Alikuwa amewakusanya wanawake waliopitia ugonjwa ule, ili anapolazwa mgonjwa apate wa kukaa naye, mtu asiyehitaji kuelezwa. Wifi alikataa. Akapigiwa tena, akakataa. Mara ya tatu alikubali, akaniambia nimsindikize. Tulifika hadi mlango wa wodi, akasikia mtu anatapika nyuma ya pazia, akageuka. Nilimkuta kwenye ngazi amejishikilia ukuta.

Alhamisi iliyofuata aliingia.

Mgonjwa alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana, amebaki macho tu. Wifi hakumsalimia kwa maneno. Alichukua beseni, akalisuuza, akaliweka mahali ambapo mkono ungelifikia bila kuinua kichwa. Akakaa mbali kidogo, upande ambao upepo usingempelekea mgonjwa harufu yake. Baada ya muda mrefu mwalimu aliuliza, "Na kwako ilikwishaje?"

"Ilikoma wiki ya kumi na nane."

"Na mtoto?"

Nilitaka kuingilia kati. Wifi akasema, "Alikufa."

Mwalimu aligeukia ukutani, na mimi nikajua tumeharibu, mkunga hatatuita tena. Lakini kutoka ukutani ikaja sauti: "Kila anayekuja hapa ananiambia nitasahau yote nikimwona mtoto. Wewe husemi?"

"Mimi siwezi kukuambia hivyo."

"Basi kaa."

Alikaa hadi saa za kuona wagonjwa zilipokwisha. Alikwenda Alhamisi kumi na moja. Mwalimu alijifungua binti, mzima, na alituma ujumbe kuomba wifi aende amwone. Wifi aliusoma ujumbe, akanipa simu niujibu mimi. Niliandika kwamba anaumwa mafua.

Bado anakwenda wodini. Watu wanaosikia habari zake huniambia, afadhali, amepata cha kumfariji. Sijui wanazungumzia mtu gani. Mimi ndiye ninayerudi naye Alhamisi. Anavua viatu, analala ubavu na nguo zake za kutokea, na kaka yangu anakaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wake kwenye kifundo cha mguu wa mkewe. Hawazungumzii kujaribu tena. Hawazungumzi. Mimi nafunga mlango taratibu, naenda zangu kwa watoto wangu watatu, wote wazima, niliowabeba bila kujua kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa.