Siku Mwoga Alipopewa Fisi

Bi Mwalimu wa Mpendae amefariki. Habari ilinikuta sokoni Darajani nikichagua ndizi, nikaziacha mezani kwa muuzaji nikaondoka. Mnaonisoma mnajua kwamba niliacha shule darasa la sita, nikazurura kisiwa kizima nikidadisi kila kitu. Katika wote niliopata kuwauliza maswali, bibi huyu ndiye ninayemstaajabia mpaka leo.

Alikuwa akiwafunza kuogelea wanawake wanaolima mwani upande wa mashariki. Maji ya karibu na pwani yamekuwa ya moto, mwani unaoza. Asiyeweza kufika kwenye kina, kwenye maji ya baridi, hana kazi tena. Nilijiunga nao kwa udadisi tu. Mwenzetu mmoja, mjane, aliingia hadi kiunoni, akatetemeka, akarudi. Wiki nzima vile vile. "Nnakwenda kukaanga maandazi mie," akasema. "Bahari hainitaki."

Mwalimu hakumbembeleza. Asubuhi moja alitugawia wanyama wa hadithi tulizolelewa nazo, kila mmoja amwigize wake: Sungura mjanja, Simba mwenye kiburi, Kobe mpole, Fisi mroho. Nilidhani mjane atapewa Kobe. Akapewa Fisi.

"Mie fisi, Bi Mwalimu?"

"Naam. Mfupa uko kule kinani, kwenye boya, na wewe hujala siku tatu. Fisi akiuona mfupa huuliza kina?"

"Aulize wapi, mroho yule!"

"Wahi basi, shoga," akadakia aliyekuwa Simba, "nsije nikaula mie!"

Tulicheka mpaka tukashikana. Mjane akalia kilio cha fisi, akajitupa, kanga ikamfura mgongoni. Alimeza maji, akatutukana sote, akapiga mikono na miguu, mwalimu ubavuni mwake, mpaka akalikumbatia boya. Hapo kicheko kilitukauka. "Nshafika?" aliuliza, kama mtu aliyeamshwa. Alikuwa analia.

Baadaye nilimuuliza mwalimu siri yake. "Ukimwambia mtu awe jasiri," alisema, "unamkumbusha kuwa ni mwoga. Lakini fisi kila mtu anamjua tangu mapajani kwa bibi yake." Shuleni kwetu tulionyeshwa shujaa mmoja tu wa kuiga; sikufanana naye, nikaondoka. Mwalimu aliona kuwa hata mlafi wa hadithi ana kitu cha kumwazima mtu mwema.

Nyumbani kwa marehemu niliketi na yule mjane. Mwani wake sasa uko kwenye kina, na wanawake wapya anawafunza yeye. Nimejifunza hivi: ukitaka kumfunza mtu, usimpime kwa alivyo. Mpe mwengine wa kumwigiza kwa muda, kisha ingia naye majini.