Mashine ya Kumsemesha Mzee Maliro

Rafiki zangu waliolewa na wafanyabiashara wa Butembo, wanaume wenye duka na tumbo. Mimi Kaswera niliolewa na mkereza vyuma. Chumba ambacho wenzangu wanawekea viti vya wageni, kwangu kimekaliwa na mashine ya kukereza, ile ambayo mafundi wetu wanaiita tour, nzito hata sakafu imepasuka chini yake. Maganda membamba ya chuma nimeyakuta kwenye maharagwe, kwenye shuka, mara moja kwenye nywele za binti yetu Gracieuse akiwa tayari amevaa kwenda misa. Nimelalamika mpaka nimechoka, na Lusenge amesikia mpaka amezoea. Ndoa ni hivyo.

Lakini mkono wake siudharau. Mashine za kusaga za mtaa mzima zikivunjika ekseli, zinaletwa kwake. Hachongi kwa haraka. Anakereza kidogo, anapima, anafuta, anapima tena, na mwenye kinu akianza kupiga kelele mlangoni anamwambia tu aende anywe chai. Ufundi huo aliurithi kwa baba yake.

Baba mkwe wangu, mzee Maliro, alikuwa fundi wa kinu cha kahawa kule Mutwanga, chini ya mlima. Kinu kiliendeshwa na injini ya dizeli ya zamani, yenye silinda moja na gurudumu zito ubavuni. Nilipokwenda kutambulishwa ukweni, niliisikia kabla sijaiona nyumba: tu, tu, tu, polepole, kama mtu mnene anayepanda kilima bila haraka. Lusenge alikulia ndani ya mlio huo. Aliniambia kwamba akiwa mdogo hakuweza kulala mchana injini ikiwa imezimwa.

Mwaka juzi, wakati wa mavuno ya kahawa, wauaji walitoka porini wakaingia kijijini mchana. Mama mkwe wangu Godelive aliuawa uani kwake. Mzee Maliro alikuwa kinuni, hatua chache kutoka hapo, na wanajeshi walifika kabla wale watu hawajamfikia. Majirani walimzika Mama, wakampandisha mzee kwenye pick-up mpaka kwa ndugu zetu wa Bungulu, mjini Beni, na Lusenge akaenda kumchukua huko. Mzee alifika kwetu na mafuta ya injini bado yako kwenye kucha. Alikuwa hasemi.

Sisemi kwamba alikuwa na maneno machache. Hakusema kabisa. Alikula nilichompa, alioga, alikaa kwenye kiti cha mbao mbele ya chumba chake akitazama ukuta wa jirani. Padri alikuja akasali naye, midomo ya mzee haikusogea. Muuguzi mmoja alituambia tuvumilie, muda utamfungua. Muda ulipita, na haukumfungua.

Na sisi hatukumwuliza. Kwetu mtu aliyekimbia vita haulizwi alichokiona. Anapewa maji ya moto, anapewa bugali na sombe ya majani ya mihogo, anapewa mahali pa kulala, basi. Siku akitaka kusema atasema mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, na mpaka leo nasema ni adabu njema, ingawa sasa naiogopa.

Aliyeumia zaidi ni mume wangu. Mama yake hakumzika, na baba aliyebaki alikuwa kama hayupo. Jioni alikuwa anachukua kigoda anakaa karibu na mzee, anamweleza kazi za siku ile, ekseli gani imekuja, chuma gani kimemsumbua. Anaeleza, ananyamaza ili apewe jibu, hapewi, anaeleza tena. Mimi nilikuwa napika huku nimewapa mgongo, kwa sababu nikitazama nalia, na machozi hayaungi mchuzi.

Halafu siku moja jirani wa ng'ambo ya barabara aliwasha injini ya dizeli kuukuu, ya kusagia mihogo. Ilipoanza kupiga, mzee Maliro aliinuka kitini. Alitoka mpaka katikati ya uwanja, akasimama, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza. Alisimama hivyo mpaka jirani alipozima. Lusenge alikuwa mlangoni ameshika kitambaa cha mafuta, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba.

“Mama Gracieuse, umeona?” aliniambia, akimwonyesha baba yake kwa kidevu. “Tata iko na hamu ya mashini yake.”

Nami niliona hivyo hivyo. Kuona ni kuona tu, kuelewa ni kazi nyingine. Jirani baada ya muda mfupi akafungiwa umeme, ile dizeli akaiuza kwa vyuma chakavu, na mzee akarudi kwenye ukuta wake.

Hapo ndipo Lusenge aliponiambia kwamba atamtengenezea baba yake injini. Ndogo, ya kukaa mezani, lakini yenye sura ya ile ya Mutwanga na sauti ya ile ya Mutwanga. Nilimwuliza kama wenda wazimu katika nyumba yetu sasa watakuwa wawili. Hakucheka. Alininyang'anya mbabula yangu, jiko la mkaa, akaipulizia mkaa mpaka ikawa nyeupe, akayeyusha pistoni mbovu za pikipiki ndani ya sufuria ya chuma. Alizimimina kwenye mchanga wa mto aliokuwa ameushindilia ndani ya sanduku, na humo ukatoka mwili wa injini, mdogo, wenye vinundu, mbaya kama kiazi. Siku hiyo tulikula ndizi mbivu.

Silinda ndiyo iliyomtesa. Pistoni ndogo namna ile ikilegea kidogo tu, pumzi inatoroka na injini haiwaki. Ikibana kidogo tu, inakwama. Aliharibu moja, akaharibu nyingine, akakaa siku nzima akiisugua ya mwisho kwa dawa ya meno na mafuta, akizungusha kwa vidole, na hakutaka kusemeshwa. Umeme nao ulikuwa adui. Saa ambazo vinu na mafundi wa kuchomelea wanafanya kazi, unashuka, tour inalegea, kisu kinatetemeka na kuacha mikunjo kwenye chuma. Gurudumu alilikereza zito makusudi ili injini iende polepole. Na bomba la moshi alilitia ndani ya kopo la maziwa ya unga alilolitoboa, ili sauti inenepe. Kila alipobadilisha matundu ya kopo alifumba macho, akaimba mwenyewe kwa mdomo: tu, tu, tu. Alikuwa anaukumbuka mlio ule kama wengine wanavyokumbuka sala.

Ilibaki kazi ya mwisho ya kukereza, na iliangukia siku ya ville morte. Watu wengine walikuwa wameuawa katika vijiji vya kuelekea Beni, na mji mzima wa Butembo uliitwa kufunga. Siku kama hiyo hakuna duka, hakuna pikipiki, hakuna soko. Vijana wanaweka mawe barabarani, na anayeonekana akifanya kazi anaambiwa anawacheka wafu. Ni kilio cha mji wote. Lakini siku hiyo hiyo, kwa kuwa vinu vyote vimelala, umeme unakuwa na nguvu na haushuki. Kila fundi wa Butembo analijua jambo hilo, na kila fundi anajizuia. Wangu hakujizuia. Alifunga dirisha, akatandika blanketi mlangoni, akakereza. Chuma kilitoka laini. Mchana akaitia injini petroli.

“Papa Gracieuse, ngoja kesho,” nilimwambia. “Leo batu beko na kilio.”

“Iko kamashini kadogo tu,” alisema. “Na leo mji imenyamaza. Tata atasikia muzuri.”

Nilikasirika, nikaenda nyuma ya nyumba. Ningebaki ningemzuia, au labda nisingemzuia, maana na mimi nilitaka mzee aseme. Nilisikia anazungusha gurudumu, injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa. Kisha ikashika. Ilikuwa ile ile. Mlio ulikuwa mdogo, ndiyo, lakini mji ulikuwa umenyamaza kabisa, na katika kimya kile ulifika mbali.

Ulifika barabarani kwanza. Geti letu lilipigwa kwa jiwe, na vijana wakaingia, mbele yao Jean-de-Dieu, mtoto wa jirani, ambaye mjomba wake alikuwa miongoni mwa waliouawa wiki ile. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Papa Lusenge, ni wewe?” alisema. “Batu bote bamefunga, na wewe uko natumika kazi? Juu ya nini? Bale betu balikufa hapana batu?”

Lusenge alitoka na mikono iliyochafuka. Aliwaonyesha meza, akaanza kueleza kwamba hii si kazi, ni dawa ya baba yake, na maneno yakamchanganyikia. Nyuma yake injini ilikuwa inaendelea kupiga, hakuna aliyekumbuka kuizima. Kijana mmoja alikuwa ameinua jiwe. Niliogopa kwa ajili ya mume wangu, na nikaogopa kwa ajili ya ile injini, yote mawili, sioni aibu kulisema.

Ndipo mzee Maliro alipokuja. Alipita katikati ya vijana bila kuwatazama, nao wakampisha. Alisimama mbele ya meza, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama siku ile ya dizeli ya jirani.

“Zima,” alisema.

Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Lusenge alimtazama, akaanza kutabasamu, machozi yakimtoka. Alikuwa amengoja neno moja kwa muda mrefu mno, na lilipofika hakusikia lilichosema.

“Tata,” alisema, “Tata, umesema.”

“Zima, mutoto yangu. Ile siku ilikuwa naimba vile vile.” Mzee alinyoosha mkono kuelekea injini, akaurudisha. “Mama yako aliniita. Aliita jina yangu, batu ba chini kwa mutoni balisikiaka. Mie nilikuwa karibu. Mie hapana kusikia, juu ya hii.”

Lusenge alifunga petroli. Gurudumu likaendelea kuzunguka kwa uzito wake, likapunguza, likasimama. Jean-de-Dieu alimnyang'anya mwenzake jiwe, akaliweka chini taratibu. Vijana waliondoka, na wa mwisho akatufungia geti.

Mzee hakurudi kwenye kiti chake. Alikaa pale pale chini, kwenye maganda ya chuma, akaendelea. Alisema kahawa ilikuwa nyingi siku ile, kwamba Mama alikuwa amemletea chakula akakiacha dirishani, kwamba Mama alimwambia apumzike, naye akamjibu bado kidogo. Lusenge alikaa mbele yake. Nilimwona anataka kuziba masikio, akaificha mikono chini ya mapaja.

Mume wangu alitaka baba yake aseme, na sasa anasema. Kila asubuhi anaanza pale alipoiwasha injini, anakwenda mpaka pale ambapo hakusikia. Lusenge anamsikiliza mpaka mwisho, kisha ndipo anainuka kwenda kuwasha tour.