Wafiwa wa Mana Felismina ni Hawa

Bado moyo wangu unakataa. Asubuhi hii nimechukua simu nimpigie Mana Felismina, nimuulize kama mvua imeingia tena kwenye banda la watoto. Kidole kikasimama juu ya jina lake.

Tulimzika jana. Presha ilimkamata akikoroga uji wa watoto, na kabla ya jua kuzama hatukuwa naye tena.

Kwa marafiki wa mbali wasiomjua: huku kwetu Cabo Delgado "mana" ni dada, naye alikuwa mana wa kila mtu, hata mimi niliyemzidi umri. Alikuwa animadora wa kanisa letu, yaani mlezi wa watoto na vijana. Aliwafundisha Neno, nyimbo, michezo na kunawa mikono. Nilipostaafu ualimu nikawa msaidizi wake. Kuna waliocheka, mzee mzima kuimba na watoto. Waendelee kucheka.

Nakumbuka tuliporudi Palma baada ya kukimbia vita. Kanisa halikuwa na paa. Mana akatundika rimu ya gari kwenye nguzo, akaigonga kwa nondo. "Watoto wakisikia hii, waje nilipo," akasema. "Paa litakuja kwa miguu yake."

Nakumbuka Atanasi, aliyetoka porini peke yake, hasemi neno, na kila kishindo kilimpeleka chini ya benchi. Mana akamkabidhi ile nondo. "Wewe ndiye utakayewaita wenzako."

Siku ya kwanza aliigonga rimu kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. "Mwanangu," Mana akamwambia, "hapo umewaita panzi." Atanasi akacheka. Ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza tuliyoisikia.

Baadaye nilimuuliza Mana kwa nini alifanya vile. Akaniambia mtoto aliyetishwa na kelele anahitaji kelele moja anayoitawala kwa mkono wake mwenyewe. Leo Atanasi ni mwanaume, fundi wa kuchomelea. Mabenchi ya banda letu ni kazi yake, na kila Jumamosi huja kufundisha wadogo.

Nakumbuka pia msichana mmoja wa darasa letu alipofariki kwa malaria. Hapa nieleze kidogo. Kwa wengi wetu tuliotoka bara, watoto hawaendi makaburini. Wazee walitaka kuwakinga na kivuli cha mauti, na mila hiyo ilikuwa na huruma ndani yake. Siidharau.

Lakini Mana aliwashika mikono watoto wale, wakaenda kumwimbia mwenzao. Mzee Patrisio, mkuu wa wazee wa kanisa, alimkemea mbele ya watu. Mana akamjibu polepole: "Baba, hawa wameshaona maiti porini, bila mtu wa kuwashika mkono. Leo nimewashika."

Sasa niwaambie ya jana.

Tulipofika kwenye kona ya kwenda makaburini, jeneza likatangulia, na Mzee Patrisio akasimama njiani akiwa amenyoosha mikono. "Watoto warudi. Waendelee wafiwa."

Watoto wakasimama. Wengine walikuwa na kwikwi za kilio. Mana hakuzaa, na ndugu zake wa Mueda njia haikuwaruhusu kufika. Nikajiuliza wafiwa anaowataka ni akina nani.

Aliyesema ni Bi Zainabu, jirani yake Mwislamu, ambaye wajukuu wake walicheza mpira kwetu kila Jumamosi. "Kaka Patrisio, kwa mila yetu wanawake hatufiki kaburini, nami naishia hapa. Lakini wewe unatafuta wafiwa gani? Wafiwa ni hawa."

"Bi Zainabu, haya ni mambo ya kanisa."

"Na makelele ya Jumamosi nayo yalikuwa ya kanisa? Mbona yalikuwa yanalala masikioni mwangu?"

Watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Mzee hakushusha mikono.

Atanasi hakubishana na mtu. Aligeuka, akarudi kanisani. Punde tukasikia rimu, na safari hii hakuita panzi. Nadhani hata waliokuwa ufukweni wanavuta nyavu waligeuza shingo.

Kila mtoto wa darasa letu anajua rimu ikilia anakwenda alipo Mana. Na Mana alikuwa mbele yetu, mabegani mwa vijana wake. Basi wakaenda. Walipita kushoto kwa Mzee Patrisio, kulia kwake, na wadogo chini ya mikono yake. Nami nikafuata na mkongojo wangu. "Mzee mwenzangu," nikamwambia, "shusha mikono, itakuuma."

Nisimwonee. Kule kaburini ni yeye aliyembeba mtoto mdogo kuliko wote, ili naye atupe udongo wake.

Lakini jioni wazee walikaa, wakapendekeza darasa lifungwe mpaka atumwe animadora mwingine. Na kuna mtu ameniandikia hapa mtandaoni kwamba miaka yote ile Mana hakuacha hata nyumba.

Kwako wewe uliyeandika: njoo Palma, ukae kwenye benchi la Atanasi, uwasikilize watoto waliokuwa hawasemi. Kisha uniambie tena kwamba hakuacha kitu.

Kwa wazee wenzangu, kwa heshima yote: darasa halifungwi. Akitumwa animadora, tutampokea kwa mikono miwili, naye atatukuta tunaimba. Jumamosi Atanasi atagonga rimu, mimi nitakoroga uji, na Bi Zainabu ameshasema wajukuu wake watakuja, makelele au la.

Lala, Mana Felismina. Ukisikia rimu, usiamke. Tunaitika sisi.